Usiulize Mara Ngapi, Uliza Jana

Juzi mjukuu wangu aliniwekea simu mbele ya pua. Kiswahili anakielewa vizuri, ila kujibu hujibu kwa Kiingereza, kama watoto wengi wa hapa Birmingham. Akaniambia kwamba kazi iliyonilisha ujana wangu wote sasa inafanywa na kidude hicho kwa kugusa mara moja tu. Nikamwambia haya, kiulize Mserbia akisema "sad" anasema nini. Kidude kikajibu: sasa.

Sasa! Jamani! Nilimrudishia simu yake nikaenda kuchemsha chai, maana ningebaki pale ningeitupa dirishani.

Tangu lini Mserbia akasema sasa akamaanisha sasa? "Sad" ikitoka kinywani mwa fundi wa mabomba, maana yake ni baada ya chakula. "Odmah", ambayo kamusi itakuapia kwamba ni papo hapo, ni leo, Mungu akipenda. Na "sutra", yaani kesho, ni njia ya adabu ya kukwambia usahau. Tena tusiwacheke, sisi tuliolelewa na "nakuja sasa hivi" mdomoni na hata viatu hatujavaa.

Kwa hiyo ninyi mnaoanza kazi ya ukalimani, mlioniomba niwaandikie mawili matatu, sikilizeni. Sina elimu ya kuwatisha. Darasa la nane nilimaliza kwa kusukumwa. Lakini maneno haya madogo ya wakati, haya ya leo na kesho na kila mara na kamwe, yalinitoa jasho miaka mingi kuliko maneno makubwa ya mahakamani. Neno kubwa ukilikosea mtu atakusahihisha. Neno dogo ukilikosea linapita kimya, linakwenda kuharibu mbele ya safari.

Nilitoka Wundanyi, Taita, miaka ya sitini ikielekea ukingoni, nikiwa na sanduku moja na ndoto zisizoingia sandukuni. Nilikuwa nakuja kusomea uuguzi. Mtihani wa kwanza ulinishinda, wa pili ukanicheka, nikaishia kusugua sakafu za wodi huku nikiimba. Nilikuwa mtu wa furaha siku hizo. Baridi ilikuwa bado haijanijua jina. Nikapanga chumba cha juu kwa mjane mmoja wa Kiserbia huko Kings Heath, aitwaye Desanka, ambaye alikuja Uingereza na mumewe baada ya vita na alikuwa amemzika hapahapa. Mimi nilimwita Teta, yaani shangazi kwa lugha yao. Kiingereza chake kilikuwa cha dukani tu: mkate, siagi, asante, ghali. Kwa hiyo aliyelazimika kujifunza lugha ya mwenzake ni mimi. Kiserbia changu chote nilikiokota jikoni, kwenye maganda ya viazi.

Siku nilipofika alinikalisha sebuleni, kwenye kiti chenye kitambaa cheupe, akaniletea kisahani kidogo chenye jamu ya cheri nzima nzima, kijiko cha fedha na glasi ya maji. Waserbia huiita "slatko". Unakula kijiko kimoja, unakunywa maji, kisha ndipo kahawa chungu kama ya Mombasa. Nikajiona malkia. Kesho yake tena slatko. Kisha asubuhi moja naingia, hakuna kisahani, hakuna kiti cheupe. Ananinyooshea kisu na karai la pilipili hoho.

"Menya," anasema.

Nililia chumbani mpaka mto ukalowa. Nikajiuliza nimemkosea nini. Je, nilitembea na viatu? Nilipika omena? Sikuthubutu kumwuliza, na yeye hakusema kitu, na slatko sikuionja tena mwaka baada ya mwaka. Kiwekeni kisahani hicho pembeni, nitakirudia.

Kazi ya ukalimani niliipata kwa Bwana Gurdev, Singasinga wa Kisumu, aliyekuwa na ofisi ya tafsiri chumba kimoja juu ya duka la viatu, High Street. Yeye alijua Kipunjabi, Kigujarati, Kiswahili, na Kijaluo cha kutosha kununua samaki. Mserbia hakuwa naye, na hospitali kubwa ya upande wa Harborne ilikuwa inampigia simu kila mara, wazee wa Kiserbia wamejaa benchi na hakuna anayewaelewa. Alinisikia nikizozana na muuza mboga kwa niaba ya Teta, akanifuata barabarani.

"Dada, jina lako nani?"

"Wakesho."

"Kesho? Hapana. Nataka mtu wa leo."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Na kila kazi ilipochelewa alinitania hivyohivyo: "Huyu mama yake alimwita Kesho, mimi nitamlaumu vipi?" Mwishowe nilichoka kumweleza kwamba kwetu Taita Wakesho ni mtoto aliyezaliwa asubuhi.

Sheria yake ilikuwa moja, naye aliisema kila Jumatatu akifungua bahasha za barua: "Mkalimani ni bomba. Maji yanaingia huku, yanatoka kule. Usitie chumvi, usitie sukari." Nami nilikuwa bomba mwaminifu, ila bomba lenye kichwa cha Taita. Mzee Radovan, fundi wa mabomba, kweli fundi wa mabomba, aliniambia miadi yake hospitali ni saa "tri", yaani tatu. Kichwa changu kikasikia saa tatu, na saa tatu kwetu jua ndiyo kwanza linapanda. Nikamburuta kwa basi alfajiri. Saa tatu yetu ilipofika tulikuwa tumekaa wima kwenye benchi, tumechana nywele. Miadi ilikuwa saa tisa ya alasiri. Mzee wa watu hakunikemea. Kila nilipoomba radhi alinipigapiga mkono akasema "još malo", bado kidogo, mpaka nikatamani anitukane. Saa tisa daktari anamwuliza amesubiri sana? "Malopre smo stigli," anajibu. Tumefika hivi punde tu.

Na mimi natakiwa nitafsiri hilo! Neno kwa neno! Bila chumvi!

Sitaki mdhani Kiserbia kilikuwa adui. Kuna siku kilinifurahisha kuliko Kiingereza. Mserbia ana "prekjuče", sisi tuna juzi. Ana "preksutra", sisi tuna kesho kutwa. Ana hata "naksutra", na bibi yangu alikuwa na mtondo, tena akaongeza mtondogoo kwa wenye haraka ndogo zaidi. Mwingereza, mwenye reli na viwanda vyote vile, siku ya tatu akitaka kuitaja anafunga msafara wa maneno kama anahama nyumba. Nilikuwa nikizipiga taipu sentensi zile huku nikisonya. Bwana Gurdev akauliza nani amemwagiwa chai.

Basi. Sasa nije kwenye kisa chenyewe.

Nilikuwa nimeolewa, tumehamia nyumba ya halmashauri ya mji kule Shard End, mabasi mawili kutoka kazini. Lakini kila siku ya kazi, kabla ya kupanda ngazi za ofisi, nilipita kwa Teta kunywa kahawa, na mchana nikarudi kula. Majira ya baridi moja Teta aliteleza kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, akavunjika kifundo cha mkono. Hospitali ikamfunga plasta, kisha ikataka kujua: bibi huyu anaishi peke yake, nani anamwangalia? Wakamtuma afisa wa ustawi, binti mmoja aliyeitwa Pamela, mwenye koti la kijani na macho ya huruma. Hakuwa mtu mbaya, nasema mapema. Alikuja kuona kama Teta abaki nyumbani kwake au apelekwe kwenye nyumba ya wazee, nje kabisa ya mji. Mkalimani aliyetumwa ni mimi.

Teta alielewa kilichokuwa mezani. Usiku uliotangulia alikuwa ameniuliza, "Huko nikisema nina kiu, nani atanielewa?"

Pamela alikalishwa sebuleni. Slatko ikaletwa, kwa mkono mmoja, mwingine ukining'inia kwenye kitambaa. Akaanza maswali, na kila swali alitaka jibu la namna moja: kila mara, mara nyingi, mara chache, au kamwe.

"Huanguka mara ngapi?"

"Nikad," akasema Teta. Kamwe.

Pamela akaitazama plasta. Mimi nikaitazama plasta. Teta akaificha chini ya shali. "Sikuanguka," akasema. "Ngazi ndiyo ilikuwa na barafu."

"Hupika mara ngapi?"

"Mara chache."

Jamani, sufuria la supu lilikuwa linachemka upande wa pili wa ukuta, na harufu yake inatupiga puani! Nikamwambia kwa Kiserbia, "Teta, na supu?" Akanikata jicho. "Supu ni kupika? Kupika ni nguruwe, ni sikukuu. Tafsiri ulichoambiwa."

Nikatafsiri nilichoambiwa.

"Na watu, huja kukutembelea mara ngapi?"

Teta akafikiri. Akanyoosha kitambaa cha kiti. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayekula kiapo: "Retko."

Kwa nadra. Na mimi nimekaa pale! Mimi niliyekunywa kahawa yake asubuhi ileile, niliyemsuka nywele juzi, niliyemvalisha soksi tangu mkono uvunjike! Lile neno lilinichoma. Nilikaa na kinywa wazi mpaka Pamela akaniuliza kama sijambo. Nikalitoa kwa Kiingereza, "seldom", kavu, bila chumvi, na nikaona uso wa binti yule ukishuka. Akamshika Teta bega. Mlangoni akaninong'oneza kwamba ni dhahiri bibi amebaki peke yake duniani, na kwamba atafanya kila awezalo apate nafasi haraka.

Nilipanda ngazi za ofisi kama askari. Bwana Gurdev alikuwa anakula njugu.

"Wamhamishe!" nikasema. "Wampeleke! Mtu anasema hatembelewi, nami ndiyo nimetoka kula mkate wake!"

"Uliongeza neno?"

"Sikuongeza."

"Ulipunguza?"

"Sikupunguza."

"Basi bomba ni zima. Mbona linavuja?"

Nikaangua kilio. Nikamwambia bomba lake na alichukue, nimechoka kuwa bomba, maji nimeyapitisha safi na yanakwenda kumzamisha mtu. Akaacha njugu. Akanisogezea kiti.

"Babangu alikuwa fundi cherehani, Kisumu," akasema. "Hakuna siku alimwuliza mteja, wewe mnene kiasi gani? Mnene ataona haya aseme kidogo. Mwembamba anajivuna aseme sana. Babangu alitoa futi akapima. Sasa wewe, Kesho, mnamwuliza mama wa watu mara ngapi, mara ngapi. 'Mara nyingi' yake na 'mara nyingi' ya yule binti zimekatwa kwa kitambaa kimoja? Mwambieni aseme jana. Jana haina mnene wala mwembamba. Jana ni futi."

"Lakini mimi siulizi. Anayeuliza ni afisa."

"Kuomba swali lingine si kutia chumvi," akasema, na tayari alikuwa ameshika simu. "Ni kusafisha kikombe."

Nilimsikia akimbembeleza Pamela kwa Kiingereza chake cha kupanda na kushuka: tafadhali, mara moja tu, kabla hujaandika lolote. Na Pamela, Mungu ambariki, akakubali.

Alirudi wiki ileile, akakalishwa sebuleni, kiti cheupe, kisahani, kijiko. Nikamwomba amwulize Teta kuhusu jana tu, tangu alipofumbua macho.

"Jana?" Teta akashangaa mtu kupanda basi kuja kuuliza upuuzi. "Jana Nora wa nyumba ya pili alileta maziwa, akakaa, anasemaga sana, wale Wairishi. Kisha Radovan, kutengeneza bomba. Alisema 'odmah', akakaa mpaka chakula. Bomba bado linavuja. Huyu hapa," akanisonta kwa kidole cha mkono mzima, "alikula sahani mbili na kulalamika chumvi. Jioni mke wa yule mwenye kilemba alileta chapati, akaniosha nywele. Kisha Nora tena."

Nilitafsiri mbiombio, nikiogopa asije akabadilisha. Pamela akaweka kijiko chini.

"Lakini ulisema watu huja kwa nadra."

"Ndiyo, kwa nadra," akasema Teta. "Padri alikuja Pasaka. Na wewe."

"Na hawa wote?"

Teta akanigeukia mimi, si Pamela, kama anayeniuliza huyu binti amesoma wapi.

"Hawa?" akasema. "Hawa hawaji. Hawa wapo."

Nilishindwa kutafsiri papo hapo. Macho yangu yalikuwa kwenye kile kisahani cha jamu, mbele ya Pamela, sebuleni, kwenye kiti cheupe. Na nyuma ya mlango niliisikia sauti ya Nora akigombana na birika jikoni, bila kisahani, bila kuombwa kuketi. Nikakumbuka kisu na karai la pilipili. Nikakumbuka mto uliolowa. Na sisi wenyewe tunasema kila siku, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! Mimi nilipewa jembe langu miaka ile, nikalililia nikidhani nimefukuzwa.

Pamela alikuwa ananisubiri, kalamu mkononi. Nikamtolea kwa Kiingereza kama lilivyo: hawa hawaji, hawa wapo. Hakuuliza lingine. Alikunja karatasi zake, akamalizia jamu yake mpaka sharubati ya mwisho, akasema kinachohitajika hapa ni chuma cha kushikia pale kwenye ngazi. Radovan akaitwa. Akasema "odmah". Chuma kilifungwa barafu ya mwaka uliofuata, lakini kilifungwa, na Teta akabaki nyumbani kwake.

Tangu siku hiyo, vijana wangu, nikipewa neno la wakati sikuliamini peke yake. Mgonjwa akisema maumivu ni "ponekad", mara mojamoja, naomba daktari amwulize jana usiku alilala ubavu gani. Akisema dawa anakunywa "uvek", kila mara, naomba aulizwe jana alikunywa na nini, na chai au na maji. Madaktari walinuna. Bwana Gurdev aliniambia waache wanune, futi haijawahi kumuua mtu.

Nami bado nakasirika, msidhani nimepona. Wazee wa Kiserbia waliendelea kunitesa na "sad" zao na "odmah" zao mpaka nywele zikaota mvi. Ila nitawapa moja la mwisho.

Miaka ikapita, ile ya sabini inaelekea kuisha, Pamela akahamishiwa ofisi ya upande wetu wa Shard End. Mahali pake Kings Heath akaja kijana mpya, tai imenyooka, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwazungukia wazee wote kuuliza kama walihudumiwa vizuri. Alitukuta jikoni, kwani sebule ilikuwa inapigwa rangi. Radovan alikuwa ameahidi kumaliza "sutra". Teta yuko kwenye jiko, Nora anaongea, mimi nakula. Pembeni ya dirisha ameketi mwanamke amejifunga aproni, anamenya pilipili hoho, na yule kijana hakumjua.

"Bibi Pamela," kijana akauliza, "alikuwa akija kukuona mara ngapi?"

Sikumaliza hata kutafsiri. Teta alijibu bila kugeuka kutoka kwenye sufuria.

"Nikad."

Kisu cha pembeni ya dirisha kikasimama. Pamela alikuwa ameokota Kiserbia kidogo kidogo, kwenye maganda kama mimi, na neno hilo alilijua. Aliinamisha kichwa juu ya karai, mabega yakaanza kutikisika, na sikuweza kujua kama anacheka au analia, na nadhani hata yeye hakujua.

Kijana alinitazama akingoja. Nikampa neno lake kama nilivyofunzwa, bila chumvi wala sukari: "never". Masikini ya Mungu, uso wake ulishuka vilevile kama wa Pamela zamani, na kalamu ikakimbilia karatasi.

"Bwana mdogo," nikamshika mkono. "Usiandike kwanza. Muulize jana."